Simu ya Kwenda Chumba cha Pili

Jumamosi, 4 Mei

Tumefika. Daftari hili nimelinunua uwanja wa ndege kwa amri ya Bibie, yaani mke wangu: niandike kila neno la daktari. Lakini daktari hatumwoni mpaka keshokutwa. Basi kurasa za mwanzo ni zangu, na Bibie hatazisoma, maana mwandiko wangu hata mimi mwenyewe unanishinda.

Kwanza simu. Laini ya nyumbani nimeijaribu nikiwa bado naburuta sanduku. Dakika mbili za "tumefika salama, Mama hajambo" zimekomba salio lote. Lote! Nikaenda dirisha la kuuza laini, ninunue yangu na ya Mama. Dada wa dirishani akataka pasipoti, akataka vidole, akanipiga picha nikiwa nimefumba macho. Nikamwomba arudie. Akasema haidhuru. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za nchi hii mimi ni marehemu mwenye bando la siku thelathini.

Halafu chaja. Meno matatu ya kwetu, matundu mawili ya kwao. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, mwaka wa kumi na saba huu, siwezi kushindwa na tundu la ukutani. Nikatoa bisibisi. Mama mwenye nyumba akaja kutuonyesha jiko, akanikuta nimelifungua tundu na nyaya ziko nje. Aliondoka. Alirudi na adapta, akaiweka mezani, akasimama hapo mpaka nilipofunga skrubu ya mwisho.

Nyumba yenyewe: chumba kimoja cha kulala, sebule yenye jiko ndani yake, bafu moja. Kutoka dirishani unaiona hospitali. Chumba amechukua Mama, sebule ni yangu na kochi. Kati yetu kuna ukuta wa plaiwudi. Mtu akijikuna upande ule, huku unajua amejikuna wapi.

Mama ndiye mgonjwa. Ni mama mkwe wangu. Hapo ndipo penye kazi.

Jumapili, 5 Mei

Inabidi nieleze hali ilivyo, nikija kusoma mwakani nisijione mwongo.

Miaka tisa nimemwoa binti yake. Miaka tisa mimi na Mama maneno yetu ni mawili: shikamoo, marahaba. Siku akiamka vizuri anaongeza "hamjambo?" nami naongeza "hatujambo". Basi. Ndivyo walivyolelewa kwao: mama mkwe na mkwe wa kiume hawapigi soga, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Kikiwepo cha kusemwa kinapita kwa Bibie. Nyumbani haina shida, Bibie yupo pale katikati. Sasa Bibie tumemwacha! Ana mimba ya miezi saba, presha inapanda, na kabla ya hii ziliharibika mbili. Ameambiwa alale tu, asipande hata ngazi. Mdogo wake ndiye anayemwangalia, naye hana pasipoti. Mwenye pasipoti na Kiingereza akawa mimi. Ni Kiingereza cha kozi ya viyoyozi, lakini Kiingereza.

Leo saa moja asubuhi nimekaa kwenye kochi, simu inaita. Bibie. Mama anauliza kama niko sebuleni. Niko. Basi anaomba nitoke, anataka kwenda kuoga.

Mama yuko hatua nne kutoka nilipo. Namsikia anavyohema. Ombi lake limevuka mipaka, limefika nyumbani, limegeuka, limerudi mpaka sikioni kwangu, ili mimi ninyanyuke kwenye kochi! Nimenyanyuka. Nimekaa kwenye ngazi dakika arobaini na taulo langu begani. Mama mmoja wa ghorofa ya juu amenipita mara tatu. Mara ya tatu akanipa biskuti.

Na si hilo tu. Mama haamini simu isiyo na spika. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, miaka thelathini ya kuwaita wanafunzi mia sita waje kula. Amestaafu yeye, sauti haijastaafu. Kwa hiyo kila anachomwambia Bibie nakisikia kwanza mimi kikiwa kibichi, kisha Bibie ananipigia kunipa kilichopikwa. Kibichi cha leo: "Mwambie huyo mumeo, akiendelea kukoroma vile moyo wangu utasimama kabla ya huyo daktari." Kilichopikwa: "Mama anauliza kama umelala vizuri."

Nimesema nimelala vizuri, ahsante.

Jumatatu, 6 Mei

Kwa daktari! Mrefu, mkimya, amevaa raba nyekundu kama anakwenda uwanjani. Nimempa jina Raba. Kiingereza chake ni cha mtumba na changu ni cha mtumba, ila vimetoka marobota tofauti.

Tumekaa mimi na Mama mbele ya meza yake, viti vimegusana miguu, sote tunatazama picha ya mapafu ukutani. Raba akaanza. Nikamwomba asubiri, nikampigia Bibie, nikaweka spika, nikaiegemeza simu kwenye ule moyo wa plastiki wa mezani. Basi ikawa hivi: Raba ananiambia mimi, mimi namwambia Bibie, Bibie anamwambia Mama. Mama anamjibu Bibie, Bibie ananijibu mimi, mimi namjibu Raba. Mama amekaa hapa!

Raba alivumilia zamu mbili. Akauliza, huyu mama hasikii? Nikasema anasikia vizuri sana. Akauliza, na wewe? Nikasema nami nasikia. Akatutazama, akaitazama simu. Nikaona aibu, nikamwambia ni mambo ya mtandao. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Daktari wa watu.

Sasa yale ya kuandika kwa amri: valvu moja ya moyo imekuwa nyembamba. Ndiyo maana miguu inavimba na hatua kumi zinamkatisha pumzi. Watapenya kwa tundu dogo la pajani, watapachika valvu mpya, siku nne anarudi nyumbani. Kabla ya hapo, vipimo.

Swali pekee la Mama, kwa kupitia njia zote hizo: ataruhusiwa lini kuinua sufuria?

Jumanne, 7 Mei

Vipimo siku nzima. Mashine kubwa kama kontena. Damu chupa sita.

Nesi kasema Mama asile kitu kabla ya kipimo cha mchana. Nikampigia Bibie kumweleza, mimi niko upande huu wa pazia, Mama upande ule. Sijamaliza sentensi nikasikia biskuti inarudishwa kwenye karatasi yake. Halafu Mama akasubiri simu yake iite ili aambiwe rasmi. Ikaita. "Ahaa," akasema, "kumbe nisile!"

Bando limeisha saa tisa. Tumekuwa mabubu mpaka saa kumi na mbili.

Jumatano, 8 Mei

Raba amenipigia mwenyewe. Njoo. Peke yako.

Hakunipeleka ofisini. Tumesimama kwenye korido, kando ya mashine ya soda. Kompresa ya mashine ile imechoka, ina wiki mbili tatu tu. Nilikuwa naisikiliza hiyo ili nisimsikilize yeye.

Tundu dogo haliwezekani. Valvu imekuwa ngumu kupita walivyodhani, na mishipa ya paja haipitiki. Itabidi wafungue kifua. Na figo zimechoka. Nikauliza maana yake nini. Akasema, katika watu kumi wenye hali kama yake, mmoja haamki. Nikauliza, na tukiacha? Akasema mwaka, pengine haufiki. Nafasi ya chumba cha upasuaji ipo Jumatatu. Ijumaa saa sita mchana anataka sahihi ya Mama mwenyewe, awe amejua anachotilia sahihi. Asipotia, nafasi inakwenda kwa mwingine, na nyingine ni baada ya miezi mitatu.

Akanigusa bega. "Mwambie leo."

Nimwambie! Kwa mdomo upi? Njia ya kwenda kwa Mama ni moja, nayo inapita kwa mwanamke mwenye mimba ya miezi saba na presha. Nikipitisha habari hii kule naweza kupoteza watu watatu kwa simu moja.

Bibie amepiga saa kumi. Raba kasemaje? Nikasema mambo safi. Akasema safi vipi? Safi tu, wanasubiri karatasi. Una hakika? Mambo safi kabisa, mke wangu, mambo safi.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kuniuliza.

Alhamisi, 9 Mei

Siku ya kuumbuka. Niiandike yote.

Asubuhi nilijikaza. Nikasimama mlangoni kwa Mama, nikakohoa. Naye ndani akakohoa. Nikakohoa tena. Akajibu. Tumekoholeana pale kama foleni ya kliniki ya kifua, kisha nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye kochi. Mwanaume mzima! Nimewahi kupanda paa la ghorofa nane na kiyoyozi mgongoni.

Ndipo akili ikanijia. Akili! Nimwandikie. Maandishi si mazungumzo, nikajiambia, hayavunji heshima ya mtu. Nikaandika kuanzia saa mbili mpaka saa nne. Shikamoo Mama. Samahani kwa kukuandikia. Nikaweka kifua, nikaweka figo, nikaweka mmoja katika kumi, nikaweka Ijumaa saa sita. Mwisho nikaweka: tafadhali Mama, hili tusimwambie binti yako, kwa ajili ya presha. Nikasoma mara tano. Nikabonyeza.

Ting! upande wa pili wa plaiwudi.

Nikasikia anapekua mkoba. Nikasikia msonyo. Kisha ile sauti ya jikoni, anarekodi ujumbe: "Mwanangu, kuna ujumbe umeingia, maandishi madogo kama chawa, miwani sijui nimeiweka wapi. Nimekurushia. Nisomee."

Nilisimama bila kujua nimesimama.

Kumbe hiyo ndiyo desturi yao! Miaka mitatu, tangu Bibie amnunulie simu ya kupangusa, Mama hajasoma ujumbe hata mmoja. Wa kampuni ya simu, wa shoga zake, wa matangazo ya magodoro — wote anamrushia Bibie, Bibie anausoma kwa sauti na kumrudishia. Hakuna aliyeniambia! Na mimi ningejuaje? Mimi na Mama hatuandikiani.

Nikarukia mlango wake. Mkono kwenye kitasa. Halafu nikakumbuka ni chumba cha mama mkwe wangu, siwezi kuingia. Nimesimama pale nimeshika kitasa kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba. Nikamwandikia Bibie: USISOME ALICHOKUTUMIA MAMA. Tiki zikawa bluu papo hapo. Sasa najua, hakuna njia bora ya kumfanya mtu asome kitu.

Nikapiga. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Mara kumi na moja. Ya kumi na mbili — imezimwa.

Akilini nilimwona Bibie sakafuni. Nilimwona kabisa, kichwa kimegonga kona ya kitanda, na mimi niko huku nimeshika kitasa. Na kwa Mama nikasikia kwenye spika yule mwanamke wa mitambo: namba unayopiga haipatikani. Mara ya pili. Ya tatu. Sauti ya Mama ikasema polepole, sijawahi kuisikia ikiwa ndogo vile, "Mwanangu, mwanangu, pokea."

Nikampigia shemeji, mdogo wake Bibie. Akapokea huku anatafuna! Nikapiga kelele, dada yako yuko wapi? "Yuko hapa kitandani, shem, tunakula tikiti. Presha tumepima sasa hivi, iko vizuri. Ameniambia nikwambie hayupo."

Nikakaa chini. Si kwenye kochi, chini.

Dakika tano baadaye ukaingia ujumbe wa sauti kutoka simu ya shemeji. Umeingia kwangu na kwa Mama. Nikafungua, na Mama akafungua, wangu umetangulia kidogo wa kwake, kwa hiyo kila neno la Bibie limenipiga mara mbili, kwa mbele na kwa ukutani.

Alisema hivi, au karibu na hivi. Mume wangu, ukisema "mambo safi" mara tatu huwa najua nyumba inaungua, nilijua tangu jana. Mimi nina mimba, sina ugonjwa wa masikio. Presha yangu inapandishwa na kunyamaziwa, si na kuambiwa. Mama, wewe unaumwa moyo, huumwi ulimi. Kilichoandikwa humo mimi sikusomei, anayekijua ni mkweo, muulize. Mimi si mnara wa simu. Nimezima. Nitawasha mkishaongea ninyi wawili kwa midomo yenu, na sahihi ni ya Mama, mtu asimtilie wala asimkatalie.

Nimetoa friji la jikoni kutoka ukutani nikasafisha mgongo wake, mikono ipate cha kufanya.

Halafu, kupitia plaiwudi:

"Mkwe."

"Naam, Mama."

"Umekula?"

"Bado, Mama."

Basi. Hakuna kingine mpaka giza likaingia. Lakini nimehesabu: ni mazungumzo marefu kuliko yote ya miaka tisa.

Ijumaa, 10 Mei

Saa moja asubuhi mlango wake umefunguka bila simu kuita. Ametoka amejifunga mtandio vizuri, amevaa viatu vya kutokea. Akavuta kiti, akakaa mezani. Akasema kaa.

Nikakaa kiubavu, nimetazama friji. Yeye naye akakaa kiubavu, akatazama friji. Na hivyo ndivyo tulivyoongea, sote wawili tukiliambia friji.

Akauliza kumeandikwa nini. Nikatoa simu nianze kumsomea shikamoo Mama samahani kwa kukuandikia. Akanikatiza. Acha kusoma. Sema.

Nikasema. Sikupamba. Kifua, figo, mmoja katika kumi, mwaka. Nilipokwama kwenye valvu nikatumia nilichokijua: kwamba friji likiwa na valvu iliyoziba, kompresa inasukuma, inasukuma, inachoka, na siku moja inakufa ikiwa bado inajitahidi, na mwenye nyumba anasema mbona jana lilikuwa linaunguruma vizuri. Akaitika kila sentensi, mm, mm. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Majokofu mangapi umeyafungua yakakataa kuwaka tena?"

Nikasema yapo, Mama. Si haba.

"Ya namna gani?"

Nikasema mengi ni yale niliyoletewa yamechelewa. Na mengine sijui. Mengine yalikuwa mazima, nimeyafungua vizuri, nimeyafunga vizuri, na hayakuwaka. Nilitaka kuliacha hilo la pili. Lilikuwa limeshanitoka.

Akasema, mficha maradhi kifo humuumbua, naye ameficha miaka miwili. Jikoni alikuwa anakalia magunia ya unga akisingizia anahesabu stoo. Bibie akimuuliza mbona unahema, anasema vumbi. Kwa simu ni rahisi, akasema. Kwa simu mtu anakuona mzima.

Halafu akasema haogopi kufa. Watu wazima wanafariki, si ajabu. Anachoogopa ni afie hapa, ugenini, na mwanawe aambiwe kwa simu. Tena katika hali aliyonayo. Amelala kitandani, simu inaita, anapokea anadhani ni salamu.

Nikasema, Mama, hata ukifia nyumbani baada ya mwaka, mimi huwa niko kazini, na mimi nitaambiwa kwa simu. Sijui kwa nini nilisema vile. Ni maneno ya kipumbavu kabisa, kujifanya na mimi nina msiba.

Lakini aligeuka. Kwa mara ya kwanza amenitazama usoni, na mimi nikamtazama, na nimegundua Bibie ana macho yake yaleyale. Akauliza: ningekuwa mama yako wa kukuzaa ungeniambiaje?

Nikasema ningekwambia ufanye, halafu ningekwenda kujifungia bafuni nilie.

Akacheka! Kicheko kile kilimkatisha pumzi, ikabidi nimletee maji, na akayanywa mbele yangu. Alipopumua akasema: basi kalie upesi, bafu likiwa huru twende, saa sita haisubiri.

Ametia sahihi saa tano na nusu. Polepole, herufi kubwa, amejaza mstari wake na mstari wa shahidi. Raba alikuwa ameshasogeza ule moyo wa plastiki ili simu ipate nafasi mezani.

Tulipotoka akampigia Bibie. Imewashwa! Na Mama, huyu Mama wa spika, ameishika simu sikioni, amenipa mgongo, ameongea nusu saa mimi nisisikie hata neno. Nilijihisi kama mtu aliyefukuzwa ukumbini. Simu ilipokuja kwangu, Bibie alikuwa amelia na anacheka. Amesema ameambiwa yote, presha imepanda kidogo, imeshuka. Nikaanza kusema mambo sa— nikanyamaza.

Jumapili, 12 Mei

Mama amelazwa tangu jana jioni. Na amegundua namba yangu.

Simu tisa leo. Mkwe, niletee ndara. Si hizo, hizo za bafuni. Mkwe, huyu wa kitanda cha pili anakoroma kukushinda. Mkwe, waambie hawa chumvi haikuwekwa, si imepungua, haikuwekwa kabisa. Mkwe, shati ulilokuja nalo asubuhi lina doa kwenye kola, binti yangu hakufundishi kufua?

Yote mabichi. Hakuna wa kuyapika tena. Nimemkumbuka Bibie kwa namna ambayo sikuitarajia.

Jioni nimekaa naye kando ya kitanda, pazia wazi. Hatukuongea sana. Alinionyesha picha kwenye simu yake, Bibie akiwa darasa la tatu, hana meno ya mbele. Nimemwomba anitumie. Hajui kutuma picha, anajua kurusha ujumbe tu. Nikamfundisha. Sasa nimetumiwa picha mia moja na sita.

Jumatatu, 13 Mei

Saa tisa alasiri. Bado.

Wamemwingiza saa mbili kasoro. Kofia ya karatasi kichwani, kama za jikoni. Akamwambia nesi: wewe yako umeivaa vibaya, nywele zinatoka. Mlangoni akanipa simu yake. Mkono wake ulikuwa baridi, akanishika kifundo cha mkono na kukikaza. Kasema: likitokea lolote usimzungushe mwanangu. Mwambie lilivyo, na umwambie wewe. Nikasema ndiyo, Mama. Kasema na mle, msikae na njaa kunisubiri. Kitanda kikasukumwa.

Walisema itachukua masaa manne. Yamepita saba.

Niko kwenye korido, kiti cha chuma. Mashine ya soda imekufa, wameweka karatasi juu yake. Simu mbili mifukoni. Yangu, bando limebaki robo. Ya Mama haiishi kulia — shoga zake wanamtumia maua, na mishumaa inayowaka, na za asubuhi njema saa nane mchana. Sijamjibu mtu.

Bibie anapiga kila nusu saa. Wametoka? Bado. Kwa nini? Sijui. Ni kawaida? Sijui. Neno gumu hilo, sijui. Nimelisema mara kumi na nne leo. Mara ya kumi nilisikia anahema, nikamwambia weka mashine ya presha mkononi. Kasema ameshaiweka, shemeji anasoma namba. Akanisomea namba. Nzuri. Ndiyo namba nzuri pekee ya leo.

Naogopa mpaka nasikia njaa. Ajabu.

Mlango umefunguka. Raba. Zile raba nyekundu amezivika mifuko ya plastiki. Barakoa iko shingoni. Anaongea na nesi, ananipa mgongo. Najaribu kuusoma mgongo. Haufundishi kitu. Amejifuta paji la uso kwa kiwiko. Nesi ameinamisha kichwa. Ameinamisha anaandika, au ameinamisha tu?

Simu. Yangu. Bibie.

Kidole kiko juu ya kuizima. Nizime, nisikie kwanza mimi, nijue nitamwambiaje. Dakika mbili tu. Nani asingefanya hivyo.

Raba amegeuka. Ameniona. Anakuja, anatembea taratibu.

Nimepokea. Nimemwambia: daktari huyu, anakuja, sijui anakuja na nini, usikate. Amevuta pumzi. Amesema hakati, amekaa kitako, ameegemea ukuta, shemeji amemshika. Weka spika.

Naweka.